Nyumba ya Simbamwene Chini ya Uluguru

Mgeni anayeulizia majengo ya kale ya Morogoro huonyeshwa Boma la Wajerumani, au hupandishwa mlimani hadi Morningside. Ni majengo ya kuheshimiwa, ila ni ya juzi. Kabla Mjerumani hajakanyaga hapa palikuwa na mji wenye ukuta kando ya Mto Ngerengere, na ndani yake nyumba ya mtawala mwanamke. Historia ya ujenzi wa Morogoro ianzie hapo.

Mji huo aliujenga Kisabengo, Mzigua mbabe aliyejikusanyia wafuasi, wakiwamo watumwa waliotoroka kwa mabwana zao. Alichagua mahali kwa akili: mgongoni milima ya Uluguru, mbele njia ya misafara kati ya pwani na Unyanyembe. Pembe za ndovu zikishuka, nguo na shanga zikipanda, mwenye njia alitoza hongo, yaani ushuru wa kupita. Alipofariki, binti yake mkubwa, Simbamwene, alishika utawala.

Henry Morton Stanley alipita Aprili 1871, akiwa safarini kumtafuta Livingstone, akaukuta mji wa pembe nne, na kila pembe ina mnara wa mawe. Malango yalikuwa manne, moja kila upande, na kila lango lina milango ya mbao ngumu iliyojaa nakshi. Nakshi zile zilikuwa laini kiasi kwamba alihisi milango ilichongwa Unguja au pwani, kisha ikaletwa ubao kwa ubao. Tuyafikirie hayo mabega ya wapagazi! Ndani alikadiria nyumba 1,000 na watu kati ya 3,000 na 5,000.

Nyumba ya mtawala ilijengwa kipwani: paa refu la mteremko, upenu mpana, na baraza mbele. Umbo hilo liliifaa nchi hii. Mvua za Uluguru hazina mzaha, na upenu mpana huukinga ukuta usirowe; barazani nako watu hupata kivuli cha kukalia na kuzungumza. Simbamwene hakuwa wa kuchezewa. Stanley alipokataa kulipa hongo, baadhi ya askari wake waliorudi mjini walikamatwa na kutiwa minyororo.

Kilichouangusha mji ni maji. Aprili 1872, tufani ileile iliyoing'oa mikarafuu ya Unguja iliufurisha Ngerengere. Ukuta wote wa mbele ulikwenda na maji pamoja na nyumba zipatazo 50, na Stanley aliporudi aliukuta umeharibika mji aliousifu mwaka mmoja nyuma.

Ukoo haukuzama. Jina la Kingo, aliyetawala baadaye, lingali jina la kata mjini. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1882, na reli ya kutoka Dar es Salaam ikafika 1907. Mji ukaota upya kuizunguka stesheni, na tangu hapo simulizi za majengo yake zikaanzia kwa Mjerumani. Wanaakiolojia wetu wanaweza kulirekebisha hilo. Minara ya Kisabengo ilikuwa ya mawe, na misingi yake ndiyo pa kuanzia kuchimba.