Rejista ya Stratford na mitego yake

Kwa miaka mingi nimewaambia wanafunzi wangu kwamba William Shakespeare alizaliwa tarehe 23 Aprili 1564. Muhula uliopita mmoja wao akainua mkono: "Prof, hiyo tarehe iliandikwa wapi?" Nikababaika.

Haikuandikwa popote. Kilichopo ni mstari mmoja wa Kilatini katika rejista ya kanisa la Holy Trinity mjini Stratford-upon-Avon, unaosema kuwa Gulielmus, mwana wa Johannes Shakspere, alibatizwa tarehe 26 Aprili. Kanisa liliandika ubatizo, si kuzaliwa. Hizo siku tatu tumezijaza wenyewe.

Uingereza ilianza kuweka rejista hizi mwaka 1538, Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, alipoamuru kila parokia iandike ubatizo, ndoa na mazishi. Mwaka 1598 ikaagizwa kwamba madaftari ya zamani yanakiliwe kwenye ngozi, hasa kuanzia 1558, Malkia Elizabeth alipoanza kutawala. Rejista ya Stratford tunayoisoma leo ni nakala ya aina hiyo. Basi hata ule mstari maarufu haukuandikwa siku mtoto alipobatizwa! Isitoshe, makarani waliendeleza majina walivyoyasikia. Anayesaka ukoo huu kwa tahajia ya leo pekee atapitwa na mengi.

Ndoa yake nayo? Katika rejista ya Stratford huioni. Sharti uende kwenye kumbukumbu za Askofu wa Worcester, na huko ndiko kwenye kizungumkuti. Tarehe 27 Novemba 1582 karani alisajili leseni ya William kumwoa Anne Whateley wa Temple Grafton. Kesho yake wakulima wawili wa Stratford wakatia sahihi dhamana ya pauni 40 ili amwoe Anne Hathwey wa Stratford. Wapo waliozua hapo kisa kizima cha mapenzi ya watu watatu. Mimi nawaunga mkono wanaosema karani aliteleza tu, maana siku ileile mahakama ya askofu ilikuwa na kesi ya kasisi mmoja aitwaye Whateley. Jina la kesi likamponyoka kalamuni, na mwanamke ambaye huenda hakuwahi kuishi akaingia katika historia.

Ndiyo maana rejista ya kanisa haisomwi peke yake. Mwaka 1552 John, babake William, alitozwa faini ya shilingi moja kwa kurundika samadi barabarani Henley Street. Ni aibu ndogo, lakini kwayo twajua aliishi mtaa huo miaka 12 kabla ya mwanawe kubatizwa.

Ukurasa unaonigusa zaidi, hata hivyo, haumhusu William. Tarehe 15 Septemba 1558 wazazi hao walimbatiza binti, wakamwita Joan. Tarehe 15 Aprili 1569 wakambatiza mwingine, naye wakamwita Joan. Mazishi ya yule wa kwanza hayaonekani katika rejista. Kwamba alifariki mdogo twajua kwa sababu moja tu: jina lake alipewa mdogo wake.