Cheo cha Jasho: Beni, Marini na Arinoti katika Nchi ya Masasi na Newala

Yapo madai mawili yanayosikika sana, na ukiyatazama juujuu utadhani hayahusiani. La kwanza linasema beni, ile ngoma ya gwaride iliyoenea Afrika Mashariki yote kati ya miaka ya 1890 na Vita Kuu ya Pili, ilikuwa kuiga Wazungu tu, watu kujivika vyeo visivyo vyao. La pili ni la wazazi na walimu, kutoka Nanganga hadi Newala: kwamba kijana anayekesha kwenye simu akimpandisha daraja mhusika wake mchezoni, usiku baada ya usiku, ameambukizwa ugonjwa wa ng'ambo. Madai haya yana kosa moja. Yote mawili yanachukulia kwamba cheo cha mchezoni ni cheo cha uongo. Historia ya kusini inakataa, na makala haya yanaieleza historia hiyo kwa kuitetea.

Chanzo cha beni kinajulikana, sitakawia hapo. Ilizaliwa pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, bendi za matarumbeta za misheni na za Sultani wa Zanzibar zilipokwisha kuzoeleka masikioni. Mombasa ikawa na vyama vya Kingi na Skochi. Upande wa Wajerumani, kuanzia Tanga na Dar es Salaam, majina yaliyoshika yakawa Marini na Arinoti. Marini walijiona watu wa juu: makarani, askari, waungwana wa pwani. Arinoti wakapokea vibarua na watu wa bara. Kila upande ulikuwa na mfalme wake, majenerali, makanali na madaktari, pamoja na akina mama wenye vyeo vyao. Kuanzia hapo ndipo penye mambo.

Cheo hakikuokotwa. Aliyeingia alianza chini, akahudhuria mazoezi ya gwaride, akalipa michango, akashiriki mazishi ya wenzake na kupokea wageni wa chama waliotoka miji mingine. Aliyekosa nidhamu alitozwa faini. Mwenye kutoa zaidi na kutumika zaidi alipanda. Marini aliyeingia mji asiokuwa na ndugu alipata pa kulala na pa kula kwa Marini wenzake, na akifia ugenini walimzika wao. Cheo chenye kazi kama hiyo huwezi kukiita cha kuigiza. Ukanali wa beni ulikuwa daftari la jasho la mtu, lililosomwa hadharani siku ya ngoma.

Jambo la pili ni usawa wa pande mbili. Wenye kuona maigizo tu huliruka, nami nadhani ndilo kiini chenyewe. Beni haikuwahi kuwa chama kimoja. Ilihitaji mpinzani, na mpinzani mwenye nguvu zinazokaribiana na zako. Pwani ilikuwa na desturi hiyo kabla ya tarumbeta la kwanza kupulizwa. Lamu ina pande zake mbili za mji, Mkomani na Langoni. Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha 1995 kuhusu miji ya Mrima kabla ya vita vya 1888 dhidi ya Wajerumani, ameonyesha jinsi karamu na ngoma za mashindano zilivyokuwa uwanja wa watu wa chini kudai nafasi mjini. Margaret Strobel naye ameeleza vyama vya lelemama vya wanawake wa Mombasa, vikiwemo Ibinaal Watan na Banu Saada, vilivyojibizana kwa nyimbo, mavazi na karamu. Mchezo ulikwenda kwa zamu: leo ninyi mmetuzidi, mwakani tutawajibu. Zamu hiyo ndiyo iliyozuia upande mmoja kumeza mwingine. Anayebaki peke yake uwanjani hana wa kumshinda, na cheo chake hakina wa kukitambua.

Bara la kusini lilikuwa na udongo gani wa kupokea mbegu hii? Kipo chanzo kinachotajwa mara chache katika mjadala wa beni. Mwaka 1906 Karl Weule, wa jumba la makumbusho la Leipzig, alipanda kutoka Lindi hadi Masasi, Chingulungulu na Newala, akiwa na kamera ya picha za mwendo na mashine ya kurekodi sauti kwenye mitungi ya nta. Nchi ilikuwa bado inanuka moshi wa vita vya Maji Maji. Misheni ya UMCA Masasi ilikuwa imechomwa Agosti 1905. Kitabu chake cha 1908 kina kiburi cha enzi yake, na msomaji wa leo atakunja uso mara nyingi. Lakini ndani yake mna Wamakonde, Wayao na Wamakua wakicheza vinyago na unyago, wachezaji wamesimama juu ya miti mirefu, na kando yao wapagazi wa Kinyamwezi wakiimba nyimbo zao za safari. Erich von Hornbostel alizichambua nyimbo hizo za Wanyamwezi mwaka 1909.

Zingatia maana yake. Miaka kumi na moja kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kufika huku, kambi moja ilikuwa na vitu viwili: nyimbo za watu wa safari, na ngoma za wenyeji ambao tayari walikuwa na utaratibu wa kupanda ngazi. Jando ni ngazi. Mvulana huingia hajui, hufundishwa, huvumilia, hutoka na jina jipya na haki mpya, na rika lake huwa rika la heshima moja. Kinyago nacho huwa na wenye kukijua na wasiokijua. Mtu aliyelelewa humo hakuhitaji Mzungu kumfundisha kwamba heshima hupatikana kwa hatua, na kwamba hatua hupimwa mbele ya watu.

Kisha ukaja mwaka 1917. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilisukumwa hadi kwetu, vikateremka bonde la Lukuledi. Kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba majeshi yalipambana Mahiwa, karibu na Nyangao, kwenye njia ya Lindi kwenda Masasi inayopita Nanganga. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000, waliokufa na kujeruhiwa. Kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, akarudi nyuma kupitia Chiwata na Nambindinga, akawaacha wagonjwa na majeruhi wake njiani, akapanda uwanda wa Makonde hadi Newala. Tarehe 25 Novemba alivuka Ruvuma pale Ngomano. Siku chache baadaye kikosi kingine cha Wajerumani, cha Tafel, kilichokuwa kikimtafuta, kikajisalimisha.

Vitabu vya vita husimulia majenerali. Waliokanyaga njia hizo kwa wingi walikuwa askari weusi na wapagazi, na makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa na kuhara. Ndio waliobeba beni. Mwaka huohuo wa 1917 Waingereza waliunda kikosi cha 6 cha King's African Rifles kutokana na askari waliokuwa wa Wajerumani. Mtu aliyecheza Marini chini ya bendera moja akajikuta analinda kambi chini ya bendera nyingine, na chama chake kikabaki kilekile. Serikali zilibadilika, vyeo vya jeshi vilifutwa, mishahara ya Wajerumani haikulipwa kwa miaka. Cheo cha beni hakikufutwa na mtu. Katika miaka ambayo kila kitu kilichotolewa na serikali kiliweza kupotea kwa siku moja, watu walishika heshima waliyojipa wenyewe kwa utaratibu wao wenyewe. Kwangu hili ndilo linalofumbua historia nzima ya ngoma hii.

Baada ya vita, Tanganyika na Nyasaland, maofisa wa Kiingereza walianza kuandikiana barua za wasiwasi. Mtandao wa watu wenye makanali na majenerali kutoka mji hadi mji uliwatisha. Wakauliza kama ni njama ya Wajerumani, au ya Waislamu. Barua hizo hazistahili muda mrefu: waliziandika watu walioshindwa kuamini kwamba Mwafrika angeweza kupanga jambo kubwa kwa ajili ya furaha na heshima. Wamisionari wengi nao waliikataza. Huku kwetu Askofu Vincent Lucas wa Masasi alikubali kutia jando ndani ya Ukristo, na alifanya vyema kuliko wengi wa wakati wake.

Mwanaanthropolojia J. Clyde Mitchell anastahili subira zaidi. Maandishi yake ya 1956 yanaeleza kalela, ndugu wa beni, kama ilivyochezwa na Wabisa huko Luanshya, kwenye migodi ya shaba ya Zambia ya leo. Aliona kwa jicho kali. Ngoma zilikuwa mapipa ya mafuta yaliyowambwa ngozi ya ng'ombe. Wachezaji walivaa suruali za kijivu zilizopigwa pasi vizuri na viatu vilivyong'arishwa. Alikuwapo daktari mwenye joho jeupe, na muuguzi, mwanamke pekee katika kundi, aliyepita kati ya wachezaji na kioo na kitambaa ili wajifute jasho na kujitazama wakiwa bado wanacheza. Mitchell akahitimisha kwamba wachezaji walishiriki kwa njia ya mchezo katika ngazi ya heshima iliyotawaliwa na Wazungu. Nguo zinampa haki. Muuguzi anampinga. Kazi yake haikuwa kumwiga muuguzi wa hospitali. Ilikuwa kulinda unadhifu wa kundi mbele ya wapinzani, na unadhifu huo ulihesabiwa katika mashindano. Cheo kile kilikuwa na wajibu uwanjani, saa ileile, na mtu alipimwa kwa wajibu huo.

Terence Ranger, aliyefundisha Dar es Salaam miaka ya 1960, ndiye aliyeirudishia beni heshima yake kwa kitabu chake cha 1975. Alionyesha kwamba chini ya sare za kigeni mna upinzani wa kale wa pande mbili. Namshukuru kwa hilo, ingawa swali linalomsumbua ni lile la siasa: je, beni ilifungua njia ya vyama vya uhuru? Hata kama isingezaa mwanasiasa mmoja, ingetosha kwa kile ilichokuwa.

Upinzani huo wa pande mbili si wa pwani peke yake. Tazama Usukumani, ambako vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na kundi linalovuta watazamaji wengi ndilo mshindi. Hakuna hakimu anayehongwa. Watu hupiga kura kwa miguu yao. Paolo Israel, katika kitabu chake cha 2014 kuhusu mapiko, ngoma za vinyago za Wamakonde wa Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma, anaonyesha mashindano ya vijiji yakizaa mitindo mipya kizazi baada ya kizazi. Palipo na uwiano, ubunifu hauna budi kuja, kwa sababu nguvu peke yake haitoshi kushinda.

Hapa ndipo vijana wa simu wanaporudi. Novemba 2004 kampuni ya Blizzard ya Marekani ilitoa mchezo wa mtandaoni uitwao World of Warcraft. Wachezaji wamegawanywa pande mbili, Alliance na Horde. Mwaka 2005 waliwekewa ngazi ya vyeo 14 vya kijeshi, kuanzia askari wa kawaida hadi Grand Marshal upande mmoja na High Warlord upande wa pili. Hesabu ilifanywa kila wiki, na asiyecheza alishuka. Waliotaka kilele walicheza karibu usiku na mchana, na wengine waliazimana akaunti ili isilale. Mwishoni mwa 2006 watengenezaji wakaiondoa ngazi hiyo. Mchezaji wa Arinoti angeielewa bila mkalimani: pande mbili, sare, ngazi, jasho, na macho ya watu. Angeelewa pia ugonjwa wake. Upande mmoja ukizidi sana, wa pili huhama au huacha. Dhahabu ya mchezoni ikianza kuuzwa kwa fedha halisi, aliyeihenyea kwa miezi hujikuta amelingana na aliyeinunua jana, na cheo hupoteza maana kwa wote wawili.

Beni nayo ilidhoofika kwa namna inayofanana. Mashindano ya pwani yalizidisha gharama, kila jibu la karamu likitaka kupita la jana. Ngoma ikilia sana hupasuka. Kisha makarani na waliosoma wakaondoka, wakaenda kwenye African Association iliyoanzishwa 1929 na kwenye dansi. Bendi ya Dar es Salaam Jazz ilizaliwa 1932. Marini walipokosa watu wao wa juu, mizani iliinama. Lakini upinzani wa pande mbili haukufa. Yanga na Simba katika soka, Msondo na Sikinde katika dansi, TOT na Muungano katika taarab: majina yamebadilika, utaratibu ni uleule. Mkusanyo wa makala uliohaririwa na Frank Gunderson na Gregory Barz mwaka 2000 ulipewa jina la *Mashindano!*, na ulistahili jina hilo.

Basi anayetaka kuwahukumu vijana wetu awahukumu kwa mizani waliyoitumia babu zao. Aulize: cheo hiki kimetolewa jasho gani, na mbele ya nani? Kinamdai mwenyewe wajibu gani kwa wenzake? Upande wa pili una nafasi ya kujibu? Mchezo wenye majibu mazuri ni urithi, hata ukichezwa kwenye kioo cha simu. Usio na majibu, ambao cheo chake huuzwa kwa aliye na fedha na mpinzani wake hana tumaini, ni biashara, na dhidi ya huo wazazi wana haki ya kusema. Wenye makumbusho na vyuo vya kusini nao wana kazi yao: kuandika ngazi za vyama vya ngoma, faini zake, michango yake na zamu zake, kwa uangalifu uleule tunaoandikia mavazi na midundo. Bila ngazi hizo tutabaki na picha za watu waliovaa sare, na kila atakayeziona atasema tena walikuwa wakiiga.