Nilifuata Reli ya Baltimore, Nikakutana na Watu

Wikiendi ndefu ilipofika nilijaza mafuta kwenye gari, nikabeba kamera na chupa ya chai, nikaamua kufuata njia moja ya reli kuanzia pale ilipozaliwa. Wanaonifahamu wanajua ugonjwa wangu. Mtu aliyekulia Tabora akilala na kuamka kwa honi ya treni ya Kigoma haponi, hata ukimleta Marekani.

Njia yenyewe ni ile ya kampuni ya Baltimore and Ohio, ambayo watu wa huku huiita B&O. Kampuni iliundwa mwaka 1827. Tarehe 4 Julai 1828 jiwe la msingi liliwekwa na mzee Charles Carroll, aliyekuwa na miaka 90 na wa mwisho kubaki hai kati ya waliotia saini tangazo la uhuru wa Marekani. Wafanyabiashara wa Baltimore walikuwa na hofu. New York walikuwa wamekwisha chimba mfereji wa kuvusha bidhaa kwenda bara, na bandari yao ingedoda. Basi wakaamua kujenga reli, wakati nchini mwao hakuna aliyekuwa na uzoefu nayo. Mwaka 1830 abiria wa kwanza walisafiri maili 13 hivi mpaka Ellicott's Mills, behewa likivutwa na farasi!

Makumbusho ya B&O yapo Baltimore, pale pale zilipokuwa karakana za Mount Clare. Jengo kuu ni la mviringo, la mwaka 1884, lina njia 22 zinazokutana katikati kwenye meza ya kuzungushia. Ukiingia unainua shingo kama uko msikitini au kanisani. Februari 2003 theluji nzito iliangusha nusu ya paa juu ya mabehewa na injini za karne ya 19, wakalijenga upya na kufungua milango Novemba 2004. Nilipiga picha nyingi humo, zikiwemo za nakala ya Tom Thumb, iliyotengenezwa 1927. Tom Thumb yenyewe ni injini ndogo ya mvuke ya Peter Cooper, inayosimuliwa kwamba mwaka 1830 ilishindana na farasi, mkanda ukachomoka, farasi akashinda. Lakini miaka michache baadaye farasi ndiye aliyeachishwa kazi.

Sasa, Baltimore ina historia nyingine ya reli ambayo haihusu chuma. Tarehe 3 Septemba 1838 kijana mtumwa aliyevaa nguo za baharia alirukia treni ya kwenda kaskazini, ya kampuni nyingine, ikiwa imeshaanza kuondoka. Hakutaka kukata tiketi dirishani, maana hapo angekaguliwa sana. Mfukoni alikuwa na karatasi za ubaharia za kuazima, ambazo maelezo yake hayakufanana na sura yake. Kondakta akazitazama juu juu, akachukua nauli, akapita. Kesho yake kijana alikuwa New York, mtu huru. Ndiye Frederick Douglass. Mchumba wake, Anna Murray, aliyekuwa mtu huru, alimsaidia kupata fedha za safari. Douglass hakuchapisha jinsi alivyotoroka mpaka mwaka 1881, asije akawafungia njia wengine.

Kutoka mjini niliendesha hadi Relay, kwenye daraja la mawe la Thomas. Lilikamilika mwaka 1835, lina matao manane na limepinda kama upinde. Wakati linajengwa walikuwepo waliosema litaanguka. Leo linabeba treni za mizigo za CSX zenye uzito ambao mjenzi wake, Benjamin Latrobe mdogo, asingeweza hata kuuota. Nilisubiri karibu saa nzima kandoni mwa mto Patapsco. Mzee mmoja mwenye kamera kubwa kuliko yangu alinionyesha pa kusimama ili jua liwe mgongoni. Treni ilipofika nilihesabu mabehewa mpaka 90 nikachoka.

Kutoka hapo mwendo ni mpaka Harpers Ferry, West Virginia. Kwa mpiga picha wa treni hapa ni peponi: mito miwili inakutana chini ya milima, na treni inatoka kwenye shimo la mlima moja kwa moja juu ya daraja. Lakini niliposhusha kamera nilisoma habari iliyoninyima raha siku nzima.

Usiku wa tarehe 16 Oktoba 1859 John Brown na wenzake waliuvamia mji huu kuteka ghala la silaha, ili watumwa wapate silaha na kujikomboa. Mtu wa kwanza kuuawa alikuwa Heyward Shepherd, mtu mweusi, huru, mfanyakazi wa mizigo wa stesheni ya B&O. Alipigwa risasi na watu waliokuja kuwakomboa weusi wenzake. Treni ya abiria ilizuiwa, asubuhi ikaruhusiwa kuendelea, nayo ikapeleka habari kwa telegrafu. Brown alinyongwa Desemba mwaka huo huo.

Haikuishia hapo. Mwaka 1931 vyama vya warithi wa jeshi la Kusini, lile lililopigania kubaki na utumwa, viliweka jiwe la kumbukumbu la Shepherd. Wakalitumia jina lake kuonyesha kwamba weusi waliridhika na hali yao. Yeye hakuwa hata mtumwa! Jiwe hilo nimelipiga picha pia, na kati ya picha zote za safari hii ndilo ninalolitazama zaidi.

Nilimalizia Martinsburg, ambako Julai 1877 wafanyakazi wa B&O, baada ya kukatwa mishahara kwa asilimia 10, waligoma na kuzuia treni za mizigo. Mgomo ukasambaa katika majimbo mengi. Rais Hayes akatuma jeshi, na Baltimore kwenyewe askari wa jimbo waliua raia kumi.

Kwetu sisi, reli hii inatugusa hata zaidi ya hapo. Mwaka 1908 alizaliwa Baltimore mtoto aitwaye Thurgood Marshall. Baba yake alikuwa mhudumu katika mabehewa ya chakula ya B&O, na yeye mwenyewe alihudumu humo akitafuta pesa za masomo. Akawa wakili. Januari 1960, kwa mwaliko uliopitia kwa Tom Mboya, alikuwa Lancaster House, London, akiwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya, na akawaandalia rasimu ya haki za raia. Yeye aliyekuwa wa wachache waliokandamizwa kwao, alisisitiza walio wachache Kenya nao walindwe, Wazungu na Waasia. Mwaka 1967 akawa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama Kuu ya Marekani.

Watoto wetu watapanda SGR ya Dar hadi Dodoma, iliyoanza 2024 na yenye upana wa reli kama wa huku, milimita 1,435. Ni jambo zuri. Lakini wale wazee wa Tabora, Morogoro, Nairobi na Kampala, waliofanya kazi Shirika la Reli la Afrika Mashariki kabla halijavunjika 1977, wanaondoka mmoja mmoja. Mashikizo ya reli, madereva, makarani wa tiketi, wapishi wa mabehewa, nani ameandika habari zao? Kama una babu au baba mdogo wa namna hiyo, mpigie simu Jumapili hii. Muulize alianza kazi mwaka gani, alilipwa kiasi gani, na nani alikufa kazini. Andika majina. Tusingoje mtu mwingine aje atuwekee jiwe lenye maneno yake.