Kutoka Bendera Nyekundu Hadi Kibao cha 30

Januari 1896, katika kijiji cha Paddock Wood nchini Uingereza, askari polisi alimfukuza dereva Walter Arnold kwa baiskeli mpaka akamkamata. Arnold alikuwa akienda maili 8 kwa saa, kama kilomita 13, mahali ambapo sheria iliruhusu maili 2 tu. Alitozwa faini ya shilingi moja.

Kikomo hicho kilitoka katika sheria ya mwaka 1865, iliyotungwa kwa ajili ya mitambo mizito ya mvuke. Iliruhusu maili 4 kwa saa mashambani na 2 mijini, na mtu alitakiwa kuitangulia mitambo hiyo kwa miguu akiwa ameshika bendera nyekundu. Baadaye mwaka huohuo wa 1896 Bunge lilipandisha kikomo hadi maili 14, mwaka 1903 likakifikisha 20, na mwaka 1930 likakifuta kabisa kwa magari madogo. Mwaka 1934 watu zaidi ya 7,000 walikufa barabarani. Machi 1935 kikomo kikarudi: maili 30, sawa na kilomita 48, katika maeneo ya makazi.

Wanasiasa wa Uingereza walipokuwa wakipandisha na kushusha, wahandisi wa Marekani walitafuta njia ya kupima. Mhandisi alikaa kando ya barabara asikoonekana, akaandika mwendo wa magari ambayo hayakuzuiwa na foleni. Kisha aliyapanga kuanzia la polepole hadi la kasi zaidi. Yakiwa 100, mwendo wa gari la 85 ndio uliokuwa msingi wa kikomo. Waliamini kwamba madereva wengi wana busara, hivyo sheria iwabane wale wachache wanaopitiliza. Mwaka 1964 utafiti wa David Solomon kuhusu barabara kuu za mashambani uliwapa nguvu: waliopata ajali zaidi ni wale ambao mwendo wao ulikuwa mbali na wa wenzao, wawe wa kasi mno au wa polepole mno.

Kipimo hicho kilibeba kasoro kubwa. Barabara pana iliyonyooka humshawishi dereva kukanyaga mafuta. Mhandisi akipima, hukuta kasi imepanda, hupandisha kikomo, na madereva huongeza tena. Zaidi ya hapo, aliyepimwa ni dereva peke yake. Mtoto anayevuka kwenda shule hakuwamo katika hesabu.

Hata sababu zisizohusu usalama zilionyesha nguvu ya mwendo. Mafuta yalipoadimika, Januari 1974 Rais Richard Nixon wa Marekani alitia saini sheria ya kikomo cha maili 55 kwa nchi nzima. Vifo vya barabarani vilishuka kutoka zaidi ya 54,000 mwaka 1973 hadi takriban 45,000 mwaka 1974, ingawa watu pia walipunguza safari.

Mageuzi makubwa yalikuja Sweden mwaka 1997, Bunge lilipopitisha Dira ya Sifuri: asiwepo mtu wa kufa au kujeruhiwa vibaya barabarani. Wahandisi wakaanza kuuliza mwili wa binadamu unaweza kuhimili pigo gani. Watu wanapochangamana na magari, kilomita 30 kwa saa. Kwenye makutano, gari linapoweza kugongwa ubavuni, 50. Magari yanapopishana uso kwa uso bila kizuizi, 70. Fizikia inawaunga mkono: mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati ya pigo huongezeka mara nne.

Afrika Mashariki tumeanza safari hiyo. Sheria ya Tanzania inaweka kilomita 50 kwenye makazi. Kenya, kwa kanuni za Waziri John Michuki zilizoanza kutumika mwaka 2004, ilizilazimisha matatu kufungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80. Lakini barabara kuu zetu hukatiza vijiji, shule na magulio, na huko mwenda kwa miguu akigongwa kwa kilomita 50 ana hatari kubwa ya kupoteza maisha. Azimio la Stockholm kuhusu usalama barabarani la Februari 2020 lilitaka kilomita 30 mahali kama hapo.

Tochi ya trafiki haitoshi, kwa sababu askari hawezi kukaa kila kijiji. Barabara yenyewe imlazimishe dereva kupunguza: matuta, njia iliyobanwa, vivuko vilivyoinuliwa. Na kabla namba haijaandikwa kwenye kibao, mhandisi ahesabu kwanza wanaovuka kwa miguu, kwa kuwa kosa dogo la dereva, wao ndio hulilipia kwa uhai.