Ardhi na Kipimo cha Damu: Waojibwa wa White Earth

Mji mdogo wa Mahnomen, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Minnesota nchini Marekani, umo ndani ya White Earth, eneo lililotengwa kwa ajili ya Waojibwa, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini. Hata hivyo, mashamba mengi yaliyo kati ya mji huo na vijiji kama Naytahwaush si mali ya Waojibwa. Eneo hilo, lililoanzishwa kwa mkataba wa mwaka 1867, lina zaidi ya ekari 800,000, lakini kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 kabila lilimiliki chini ya asilimia 10 yake. Hali hiyo huelezwa kuwa ni wizi wa ardhi, na ulikuwa wizi kweli. Lakini maelezo hayo huacha nusu ya jambo: sheria zilizowapokonya Waojibwa ardhi ndizo zilizoleta pia kipimo cha nani ni Mwojibwa, na kipimo hicho kimeishi muda mrefu kuliko makampuni yaliyonufaika nacho.

Kabla ya sheria hizo mtu alijulikana kwa ukoo wa baba yake, kwa jamaa zake na kwa mwenendo wake. Familia ilikuwa na mahali pake pa kuvunia mpunga mwitu ziwani na pa kukinga utomvu wa mepo kila masika. Haki hiyo ilitokana na matumizi na ilitambuliwa na majirani, wala haikuwa bidhaa ya kuuzwa. Sheria ya Nelson ya mwaka 1889 iliigawa ardhi vipande vipande kwa majina ya watu binafsi, serikali ikibaki mdhamini ili vipande hivyo visiuzwe wala kutozwa kodi. Waojibwa wa Red Lake, jirani zao, walikataa mgawo huo, na hadi leo ardhi yao ni ya wote.

Udhamini ulikuwa kikwazo kwa makampuni ya mbao yaliyoitamani misonobari ya White Earth. Mwaka 1906 seneta Moses Clapp wa Minnesota alichomeka kifungu kifupi katika sheria ya bajeti: Mwojibwa mtu mzima aliye chotara aliondolewa kinga hiyo, na mwenye damu kamili akabaki chini ya ulinzi wa serikali. Haikuchukua muda watu wakaanza kutia saini hati za rehani na mauziano, wengi bila kuelewa kilichoandikwa.

Serikali ilipofungua kesi kutetea waliodhulumiwa, hoja kuu haikuwa bei wala udanganyifu, bali damu ya muuzaji. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1914 kwamba hata chembe ya damu ya kizungu inatosha kumfanya mtu kuwa chotara. Wataalamu wa anthropolojia, Aleš Hrdlička na Albert Jenks, wakaitwa kupima. Walichunguza nywele na ngozi. Hrdlička alikwaruza vifua vya watu kwa ukucha na kutazama wekundu uliobaki, akiamini kwamba unafichua asili ya mtu. Wazee walioulizwa kuhusu majirani zao walieleza mambo mengine kabisa: namna mtu alivyovaa, dini aliyoifuata, alivyoishi na wenzake. Ushahidi huo ulikuwa wa maana kuliko mikwaruzo, lakini haukuwa na safu katika daftari. Orodha ya damu iliyokamilishwa mwaka 1920 iliwaacha wachache sana katika kundi la damu kamili, na mauzo yaliyokuwa na mashaka yakapata uhalali.

Hesabu hiyo ya damu haikuishia mahakamani. Minnesota Chippewa Tribe (Chippewa ni jina jingine la Waojibwa), shirikisho la maeneo 6 likiwemo White Earth, liliweka mwaka 1961 sharti kwamba mwanachama mpya awe na angalau robo ya damu ya kabila. Hata Red Lake, iliyoshika ardhi yake, haikuepuka mantiki hiyo katika uanachama. Kwa hiyo ardhi ya pamoja peke yake si kinga.

Suala la hati za ardhi liliibuka upya mwaka 1977, mahakama ya juu ya Minnesota ilipoamua katika kesi ya Zay Zah kwamba kodi iliyotozwa juu ya ardhi yenye kinga ilikuwa batili. Wakulima na benki wakaingiwa na hofu. Bunge la Marekani likapitisha mwaka 1986 sheria ya suluhu: hati za wenye mashamba zilisafishwa, ekari 10,000 zikarejeshwa kwa kabila, na warithi wa waliopoteza ardhi wakaahidiwa fidia iliyokokotolewa kwa thamani ya ardhi wakati ilipopotea, pamoja na riba. Dhuluma iliyotendewa jamii ililipwa kama deni la mtu mmoja mmoja. Wengi waliipinga sheria hiyo, na mwaka 1989 Winona LaDuke alianzisha mradi wa kununua tena ardhi hiyo.

Mwaka 2013 karibu asilimia 80 ya wapiga kura wa White Earth waliunga mkono katiba mpya, ambayo mwandishi wake mkuu alikuwa Gerald Vizenor, iliyoweka nasaba mahali pa robo ya damu. Mvutano ndani ya uongozi na uhusiano na shirikisho vilizuia isitekelezwe. Katika kura ya ushauri ya mwaka 2022, walio wengi katika shirikisho zima walitaka sharti la robo liondolewe. Kura hiyo, hata hivyo, haikuwa na nguvu ya kubadili katiba.