Hofu ya Mpakani: Vita vya Shifta na Siasa ya Kenya kwa Majirani Zake

Mwezi wa Juni 1963, yapata miezi sita kabla ya uhuru wa Kenya, Daudi Dabasso Wabera, Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, aliuawa kwa risasi pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Wote wawili walikuwa wenyeji wa kaskazini, na safari yao ilikuwa ya kuwahimiza watu wa huko wasijitenge na Kenya. Jina la Wabera limepewa barabara moja ya katikati ya Nairobi. Wengi wapitao hapo hawajui kwamba kifo hicho ni miongoni mwa mambo yaliyoijenga siasa ya Kenya kwa nchi za nje.

Chanzo cha mauaji hayo ni cha zamani zaidi. Kwa sheria za mwaka 1902 na 1934, Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilifungwa: hakuingia wala kutoka mtu bila kibali. Reli haikufika huko, na shule zilikuwa chache mno. Somalia ilipopata uhuru mwaka 1960, bendera yake ilikuwa na nyota ya pembe tano, na pembe mojawapo ilikuwa ya wilaya hiyo. Tume iliyotumwa na Waingereza mwaka 1962 ilikuta kwamba wengi wa wakazi walitaka kujiunga na Somalia. Hata hivyo, Machi 1963 Uingereza iliamua kuunda Jimbo la Kaskazini Mashariki ndani ya Kenya. Somalia ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza, nao Wasomali wengi wa jimbo hilo wakaususia uchaguzi wa Mei. Uhuru ulipofika tarehe 12 Desemba mapigano yalikuwa yamekwisha anza, na kabla mwaka haujamalizika serikali mpya ilitangaza hali ya hatari katika eneo zima.

Neno shifta lenyewe lastahili kutazamwa. Ni neno la Kiamhara, nalo humaanisha jambazi wa maporini. Lakini huko kwao humtaja pia muasi aliyeukataa utawala, na pengine hutajwa kwa heshima. Kenya iliichukua maana ya kwanza na kuiacha ya pili. Kwa kumwita mpiganaji shifta, dai la kujitenga liliondolewa katika siasa na kutiwa katika jinai, na jambazi hana dai la kujadiliwa. Kwa nchi za nje, hata hivyo, serikali hiyohiyo ilishikilia kwamba inashambuliwa na dola jirani, ambayo tangu 1963 ilikuwa ikipokea silaha za Urusi. Kauli hizo mbili hazipatani, lakini kila moja ilikuwa na kazi yake.

Jirani aliyeelewa upesi alikuwa Ethiopia, kwani pembe nyingine ya nyota ile ilikuwa Ogaden. Kenyatta na Mfalme Haile Selassie walipatana juu ya mkataba wa kulindana katika kipindi hichohicho cha uhuru. Julai 1964, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipokutana Cairo na kuamua kwamba mipaka iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni iheshimiwe, Kenya na Ethiopia ziliridhika; Somalia ilikataa.

Linaloshangaza ni jinsi mkataba huo ulivyoishi kuliko walioufanya. Mfalme alipinduliwa mwaka 1974, na baada yake akaja Mengistu Haile Mariam na siasa ya Ki-Marx. Kenya, iliyofuata ubepari na kuegemea nchi za Magharibi, ingetarajiwa kuikaribia Somalia, hasa baada ya Siad Barre kuwafukuza Warusi mwezi wa Novemba 1977. Haikufanya hivyo hata kidogo. Februari 1978, vita vya Ogaden vikiwa vimepamba moto, ndege za kijeshi za Kenya ziliilazimisha ndege ya Misri iliyobeba silaha za Somalia itue Nairobi. Misri nayo ikazizuia ndege za Kenya huko Cairo. Mwaka 1979 mapatano na Ethiopia yalitiwa nguvu upya. Mwaka 1980 Kenya iliwaruhusu wanamaji wa Marekani kuitumia bandari ya Mombasa, lakini Marekani ilipopatana na Somalia mwaka uleule juu ya Berbera, Nairobi iliingiwa na wasiwasi. Rafiki na adui walipimwa kwa yaliyotokea Garissa, Wajir na Mandera, si kwa ugomvi wa Washington na Moscow.

Gharama ya siasa hiyo haikugawanywa sawasawa. Mwaka 1966 wafugaji waliamriwa kuhamia vijiji vilivyolindwa na askari, kama vile Garba Tulla na Merti. Mifugo haikuruhusiwa kwenda mbali, malisho ya karibu yakaisha, na wanyama wakafa. Ngamia walishukiwa kuwa wachukuzi wa shifta. Wengi walinyang'anywa au kupigwa risasi. Waborana wa Isiolo hukiita kipindi hicho Gaafa Dhaabaa, yaani wakati wa kusimama, na kwa mfugaji aishiye kwa kuhama hakuna jina zito kuliko hilo. Mwaka huohuo Kenya ilipiga marufuku biashara na Somalia.

Juu ya hayo, Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965, ulioeleza Ujamaa wa Kiafrika, ulikuwa umeshaamua kwamba fedha za maendeleo zielekezwe mahali zitakapozaa mapato makubwa kwa haraka. Kaskazini haikuwa mahali hapo. Hivyo usalama uliifunga njia ya biashara, na mipango ya uchumi haikuifungua nyingine.

Amani ilipatikana mjini Arusha mwezi wa Oktoba 1967, kwa usuluhishi wa Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Waziri Mkuu mpya wa Somalia, Mohamed Ibrahim Egal, alikuwa na sababu zake: Mfereji wa Suez ulikuwa umefungwa tangu Juni, na ndizi za Somalia zilizouzwa Italia zililazimika kuzunguka Afrika nzima. Uhusiano ukarudishwa, ila sheria za hatari hazikuondolewa kaskazini. Ziliendelea hadi mwaka 1991, na chini yake yalitendeka mauaji ya Wagalla, Februari 1984.

Mwaka huo wa 1991 serikali ya Barre ilianguka, na Mengistu pia akakimbia. Wakimbizi wakajaa Dadaab. Oktoba 2011, baada ya wageni kutekwa nyara katika pwani ya Lamu na huko Dadaab, jeshi la Kenya liliingia Somalia na mpaka ukafungwa rasmi. Adui sasa aliitwa gaidi, neno ambalo nalo zamani lilimaanisha mnyang'anyi wa njiani. Ethiopia ilikuwa bado mshirika. Lakini barabara ya lami kutoka Isiolo hadi Moyale, mlango wa kuingilia nchi hiyo, haikukamilika mpaka katika miaka ya 2010. Wakati huohuo ng'ombe wa Somalia, wasiolindwa na mkataba wowote, walikuwa wakiswagwa kwa miguu hadi soko la Garissa, na nyama yao kuliwa Nairobi.