Mto Tana na Watu Wake: Historia Iliyohifadhiwa na Lugha

Utangulizi

Nchi iliyo kati ya Garissa na Bahari ya Hindi aghalabu huelezwa kwa neno moja tu: kame. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kaunti ya Tana River ilikuwa na wakazi 315,943 katika eneo lizidilo kilomita za mraba 35,000, yaani chini ya watu kumi kwa kila kilomita ya mraba. Takwimu hizo ni sahihi, lakini zimezaa fikira mbili zisizo sahihi. Ya kwanza ni kwamba nchi yenye watu haba ni nchi isiyo na wenyewe. Ya pili ni kwamba hao wachache waliopo ni makundi mawili, wakulima na wafugaji, ambao ni mahasimu tangu jadi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ushahidi wa lugha unazikanusha fikira zote mbili.

Mto na Nchi

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya. Maji yake hutoka Nyandarua na Mlima Kenya, yakapita nyika pana, na kuingia baharini karibu na Kipini. Tangu zamani mto ulifurika mara mbili kwa mwaka, ukaacha tope lenye rutuba kandokando ya kingo zake. Katika ukanda huo mwembamba Wapokomo wamelima mpunga, mahindi na migomba. Nje ya ukanda huo ni vichaka na mbuga za malisho, ambako mifugo hukaa wakati wa mvua. Kiangazi kikianza, mifugo hurudi mtoni na katika mbuga za delta.

Njia ambayo mifugo hupita katikati ya mashamba ili kuyafikia maji huitwa malka. Mto wa msimu, unaojaa siku chache na kukauka, huitwa laga. Maneno yote mawili ni ya Kioromo, lakini leo yamo katika Kiswahili cha wakazi wa Tana, na neno malka limeingia hata katika hati za serikali. Neno haliazimwi hivi hivi. Huazimwa pamoja na jambo lenyewe. Kuenea kwa neno malka kunadokeza kuwa palikuwako mapatano ya kale kuhusu mahali mfugaji anaporuhusiwa kupita na mahali asiporuhusiwa.

Yafaa pia tukumbuke kwamba mto huu hautulii mahali pamoja. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mfereji wa Belezoni uliuunganisha na mto Ozi, na kidogo kidogo maji yakaifuata njia hiyo mpya. Mwaka 1989 mto ulihama tena, na mradi wa unyunyizaji wa Hola ukakosa maji na kusimama. Mpaka unaowekwa kwa kuufuata mto wa namna hii hauna budi kuzungumzwa upya kila baada ya muda, na mazungumzo hayo yanahitaji lugha inayoeleweka pande zote.

Wenyeji na Lugha Zao

Wataalamu wa isimu wanakiweka Kipokomo katika kundi la Sabaki, pamoja na Kiswahili, lugha za Kimijikenda, lugha za Visiwa vya Ngazija na Kiilwana. Kwa hiyo Mpokomo si mgeni wa Mswahili. Ni ndugu yake aliyebaki mtoni. Waorma nao husema lugha ya Kikushi iliyo karibu na Kiborana. Katika maandishi mengi ya zamani wameitwa Wagala, jina ambalo wao wenyewe hawajiiti.

Kama habari ingeishia hapo, fikira ya makundi mawili ingekuwa na nguvu. Lakini tazama Wailwana, waitwao pia Wamalakote, ambao hukaa juu zaidi mtoni. Hawa ni wakulima na lugha yao ni ya Kibantu; hata hivyo, uchunguzi wa Derek Nurse, uliochapishwa mwaka 2000, umeonyesha jinsi Kiorma kilivyoingia ndani sana ya lugha hiyo, si katika msamiati tu, bali hata katika sauti na sarufi. Watazame na Wamunyoyaya: ni wakulima na wavuvi wa mtoni, lakini lugha yao ni lahaja ya Kioromo. Wawata, waliokuwa wawindaji, nao husema lahaja ya Kioromo. Na huko chini, kuelekea Kipini na Witu, wako Wadahalo wachache ambao lugha yao ya Kikushi imehifadhi sauti za kidoko, jambo la nadra sana katika Afrika ya Mashariki.

Mabadiliko ya sarufi hayatokei sokoni kwa siku moja. Huhitaji vizazi vya watu wanaoishi pamoja, wanaooana, na kulea watoto wanaosema lugha mbili. Hatusemi kwamba maisha hayo yalikuwa ya usawa. Hadi katikati ya karne ya 19 Waorma walikuwa na nguvu kutoka Juba hadi Sabaki, na Wapokomo waliwatolea sehemu ya mavuno yao. Kuanzia miaka ya 1860 Waorma walishambuliwa na Wasomali upande mmoja na Wamasai upande wa pili, nguvu zao zikapungua, na wengi wakavukia magharibi ya Tana. Utawala ulibadilika, lakini hali ya kutegemeana haikukoma.

Fasihi ya Kiswahili inathibitisha jambo hilo. Masimulizi ya Fumo Liyongo yanahusishwa na Shaka, Ozi na Kipini, jirani na magofu ya Ungwana yaliyochimbuliwa na James Kirkman katika miaka ya 1950. Katika utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, shujaa huyo anaozwa mwanamke wa Kigala, na wawindaji wa mwituni ni sehemu ya kisa chake. Hatuna haja ya kuuchukua utenzi kama kumbukumbu za mahakama. Latosha kwamba Waswahili walipomsimulia shujaa wao mkuu hawakuweza kumsimulia pasipo majirani zake.

Karne ya Ishirini

Kwa serikali ya kikoloni, nchi hii iliyodhaniwa kuwa tupu ilifaa kuwa mahali pa kuwatenga watu. Tarehe 3 Machi 1959 mahabusu 11 waliuawa kwa kupigwa katika kambi ya Hola. Miaka minne baadaye Kenya ilijipatia wimbo wa taifa: maneno ni ya Kiswahili, na lahani yake ilitokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea watoto, uliotolewa na Mzee Meza Moraa Galana. Taifa zima husimama kuisikiliza sauti ya Tana, na wengi hawaijui asili yake.

Baada ya Uhuru, mabwawa ya juu, hasa Masinga lililokamilika mwaka 1981, yalipunguza mafuriko yaliyokuwa yakirutubisha mashamba. Miradi mikubwa ya kilimo ilichukua ardhi ya mtoni, na malka kadha zikazibwa. Mwaka 2001, na tena 2012, palitokea mapigano kati ya Wapokomo na Waorma. Katika yale ya 2012 watu zaidi ya mia moja waliuawa. Magazeti yaliandika juu ya uadui wa jadi. Lakini kilichokuwa kikigombewa ni maji na njia ya kuyafikia, yaani jambo lile lile ambalo neno malka liliundiwa kulitatua.

Hitimisho

Tumeona kwamba uchache wa watu si utupu, na kwamba lugha za Tana haziafikiani na dhana ya makambi mawili. Kiilwana, Kimunyoyaya na Kidahalo zina wasemaji wachache, na zikitoweka zitatoweka na ushahidi ambao hauko katika nyaraka zozote. Idara zetu za lugha zina wajibu wa kukusanya, pamoja na wazee wa pande zote, majina ya malka, ya laga na ya vijiji vilivyohamishwa na mto. Kazi hiyo si ya makumbusho. Siku ardhi ya Tana itakapopimwa na kugawiwa, mpimaji asiyeyajua majina hayo atachora mstari juu ya njia ya maji, naye ataamini kwamba amechora mahali pasipo na mtu.